Boima Ngevao, mkata miti wa Semabu asiyedanganywa na ukubwa wa tangi

Umande bado umelala kwenye majani ya mihogo, na Boima Ngevao amepiga goti moja chini, sikio karibu na msumeno wake. Hauwashi. Anautikisa kidogo kushoto, kidogo kulia, anasikiliza petroli inavyogonga kuta za tangi, kisha anafungua kifuniko na kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima.

“Limejaa?” anauliza mkewe, Bintu.

“Limejaa.”

“Fungua tena nione.”

Boima anafungua tena bila kunung'unika. Bintu anainama, anaangalia mwenyewe, anaongeza petroli kidogo sana kwa faneli, halafu anafunga kifuniko na kukikaza. Sasa ndiyo limejaa.

Mbele yao umesimama msufi mkavu, nyuma ya kinu cha mpunga. Matawi yake yamekuwa yakidondoka tangu mvua za mwaka jana, na mwenye kinu ameshachoka kuwaambia wateja wasipumzike pale. Boima anauzunguka mti mara mbili, anatazama juu, anatazama vilele vya michikichi kuona upepo unaelekea wapi. Ndipo anapovuta kamba ya kuwashia.

Katika vijiji vya upande huu wa mji wa Kenema, msumeno wa mnyororo ukisikika asubuhi watu hawaulizi ni nani. Boima ameifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Ameangusha miti iliyoegemea misikiti, makanisa, zahanati na nguzo za umeme, na hajawahi kuangusha hata mmoja juu ya kitu ambacho hakukikusudia. Analisema hilo waziwazi, kama mwashi anavyosema ukuta wake umenyooka.

“Mimi siogopi mti,” anasema. “Mti nauheshimu. Ninachokiogopa ni mashine kunyamaza wakati mti bado haujaamua.”

Maneno hayo yana kisa chake, na kisa chenyewe kinaanzia kwenye chupa za petroli.

Bintu, binti wa mfua vyuma wa Semabu, alikuwa akiuza petroli njia panda. Alizipanga chupa zake juu ya meza, na waendesha pikipiki walisimama, wakamimina, wakaondoka. Wakata miti nao walikuwa wateja wake. Boima, wakati huo kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi, alikuwa akinunua kuliko wenzake wote, na alijivunia hilo. Aliamini anayenunua petroli nyingi ndiye mwenye kazi nyingi.

Bintu hakuona hivyo. Alikuwa akiwaona wenzake Boima wakirudi jioni na mbao zilezile, kwa petroli pungufu. Siku moja alishindwa kunyamaza.

“Kaka, mashine yako inakunywa kama iko harusini,” alimwambia.

“Dada, wewe uza petroli. Miti niachie mimi.”

“Miti nimekuachia. Naomba tu kuuona mnyororo wako.”

Boima anakumbuka kwamba waendesha pikipiki wawili walikuwa pale na walicheka, na kwamba alimpa ule msumeno ili tu amwaibishe. Bintu alipitisha kidole kwenye meno ya mnyororo. Alikuwa amekulia kwenye kiwanda cha baba yake, tupa mkononi, akinoa mapanga ya wakulima. Akamwambia meno yamekufa. Msumeno butu haukati, unasugua. Na kadiri unavyosugua ndivyo injini inavyolia na petroli inavyoteketea. Akatoa tupa yake chini ya meza, akamnolea palepale.

“Wiki ile nilinunua petroli nusu ya nilivyozoea,” anasema Boima. “Nikarudi kumshukuru. Nikarudi tena kumshukuru. Wazee wake wakaanza kuuliza hizi shukrani zinaisha lini.”

Walioana baada ya mavuno. Tangu hapo Bintu ndiye anayechanganya petroli na oili, ndiye anayenoa, na ndiye anayebeba dumu. Kazi ya kukata ni ya Boima. Pesa ya mti mmoja wa kawaida, leone mia nne au tano, ni ya wote wawili, na karibu theluthi yake hurudi kwenye petroli, oili na tupa. Mwezi ambao petroli inaadimika, theluthi inakuwa nusu.

Mwaka juzi, kiangazi kikielekea mwisho, chifu wa Semabu alimwita Boima kuhusu mvule uliokuwa nyuma ya nyumba ya Mama Yatta Koroma.

Kila mtu kijijini aliujua mti ule. Kilele kilikuwa kimekauka, na shina lilikuwa limeanza kuegemea kwenye jiko la bibi huyo. Tayari tawi moja lilikuwa limetoboa bati. Ofisi ya misitu ilitoa kibali, chifu akatoa baraka zake, familia ya Mama Yatta ikakubali. Shida ilikuwa moja. Shina lilikuwa nene mno kwa msumeno wa Boima. Upanga wake, ule ubapa wa chuma ambao mnyororo huuzunguka, ungeingia lakini usingefika katikati.

Ikabidi akodi msumeno mkubwa. Mwenye msumeno wa aina hiyo karibu nao alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini, Kemoh Sandi, ambaye hakuwa tayari kumwachia mtu mashine yake bila yeye mwenyewe kuwepo. Alikuja nayo nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa kitambaa kama mtoto.

Kemoh aliufunua msumeno mbele ya watu na kulipigapiga tangi lake.

“Ndugu zangu, hili si tangi, ni pipa,” alisema. “Ukilijaza asubuhi, unakula wali wa mchana huku bado linanguruma.”

Watu walifurahi. Bintu aliuliza swali moja. Alitaka kujua mashine inakunywa kiasi gani, si tangi linabeba kiasi gani.

Kemoh alimjibu kwa heshima lakini bila kumjibu. Alisema mashine kubwa ni mashine kubwa, shemeji, utaona mwenyewe.

Boima anasema hakutaka mzozo. Aliipima mashine mkononi, akaona ina nguvu, akaanza kazi. Kwanza alikata mdomo wa mti, yaani pengo upande ambao mti unatakiwa kuangukia. Alichagua upande wa shamba la mihogo, mbali na nyumba. Msumeno ule ulikula mti kwa raha. Vipande vya mbao viliruka vikubwa na vyeupe, na mdomo ukafunguka vizuri.

Alipotoka upande wa mbele kwenda nyuma kwa mkato wa mwisho, Bintu alinyanyua dumu ili waongeze petroli. Kemoh alimzuia. Akasema petroli bado imezidi nusu ya tangi, na mawingu yanakuja, wasipoteze muda. Kwa kweli mawingu yalikuwa yanakuja. Ngurumo ilisikika mbali, upande wa mto. Boima alitazama mawingu, akatazama mti, akasema waendelee.

Upanga uliingia nyuma ya shina. Ulienda vizuri, ukaenda vizuri, kisha Boima akahisi mikono imetetemeka kwa namna nyingine. Mvule una tabia hiyo. Mvule mzee unaweza kuficha jiwe tumboni, gumu na jeupe, ambalo hakuna mtu anayeliona kwa nje. Mnyororo uliligonga. Kuanzia hapo kilichotoka si vipande tena, kilikuwa unga mwembamba kama wa muhogo.

“Nilipouona ule unga nilijua meno yamekwisha,” anasema. “Lakini nilikuwa ndani ya mkato. Nikasema nisukume kidogo tu. Mashine ikaanza kulia kwa sauti ya juu. Mimi nasukuma, yenyewe inakunywa. Halafu ikanyamaza.”

Wali wa mchana ulikuwa bado jikoni.

Mti haukuanguka. Ulibaki umesimama juu ya kipande cha mbao ambacho hakikuwa kinene cha kuaminika wala chembamba cha kuvunjika. Kabari moja tu ya mti mgumu ilikuwa imepigwa nyuma yake. Boima alipotaka kuuchomoa msumeno, upepo wa kwanza wa mvua ukafika kutoka upande wa shamba. Kilele kikayumba kuelekea nyumbani. Shina likalia, sauti ndefu ya chini, na mti mzima ukakaa juu ya upanga. Msumeno ukabanwa kama mkono kwenye mlango.

Sasa mti ulikuwa na njia mbili. Kama ungerudi mbele, ungelala kwenye mihogo. Kama upepo ungeusukuma zaidi nyuma, ungekatika na kuishukia nyumba ya Mama Yatta.

Na Mama Yatta alikuwa ndani. Asubuhi walimhamishia kwa jirani, lakini alikumbuka sufuria yake ya kisamvu iko motoni, akarudi kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Vijana walipomwita atoke alisema hatoki.

Boima aliuacha mti, akaenda hadi mlangoni. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwiko mkononi.

“Mti huu ulinipokea nikiwa bibi harusi,” alisema Mama Yatta. “Ungetaka kuniua ungeniua zamani.”

“Mama, kisamvu kitaliwa leo,” Boima alimwambia. “Ila kitaliwa kwa jirani.”

Bibi akasema kama ni hivyo basi sufuria itangulie. Vijana wawili wakambeba na kigoda chake, sufuria ikitangulia mbele.

Boima aliporudi kwenye mti, alikuta ugomvi. Kemoh alitaka dumu. Alitaka petroli imiminwe hapohapo, msumeno ukiwa umebanwa ndani ya shina, uwashwe, ukate utoke wenyewe. Bintu alikuwa amelikalia dumu.

“Injini bado ina moto,” alisema Bintu. “Tone moja likidondokea pale, tutazika watu kabla mti haujaanguka.”

Kemoh alisema mti hausubiri injini ipoe. Watu waliokuwa mbali kidogo, waliofukuzwa na chifu mwenyewe, walianza kupiga kelele na wao, kila mmoja na ushauri wake. Wengi walikuwa upande wa Kemoh. Mti ulikuwa unalia mbele ya macho yao, na mwanamke amekalia petroli.

Kemoh akamgeukia Boima. “Ndugu yangu, mwambie mkeo.”

“Umeshamsikia,” alijibu Boima.

Alichukua kabari mbili na nyundo. Akapiga moja kulia, akasubiri. Akapiga nyingine kushoto, akasubiri. Kila upepo ulipovuma alisimama, na ulipotulia alipiga tena. Kemoh alimtazama kidogo, kisha akavua saa yake, akachukua nyundo ya pili na kwenda upande wa kushoto. Boima hulisimulia jambo hilo kila mara anapokisimulia kisa hiki. Mtu aliyeogopea mashine yake, anasema, angeweza kukimbia. Kemoh hakukimbia.

Kidogokidogo shina likainuka, mkato ukafunguka upana wa kidole, na msumeno ukatoka.

Waliupeleka mbali, chini ya banda la kuanikia kakao. Wote walidhani sasa utajazwa na kurudi. Bintu akatoa tupa.

Alikaa chini, akauweka msumeno mapajani baada ya kuufunika kwa gunia kwa sababu ya joto, akaanza kunoa jino kwa jino. Hakuharakisha. Kijana mmoja katika umati akasema mti unalia na huyu anapaka kucha rangi. Baadhi walicheka, kile kicheko cha watu wenye hofu.

“Niliwasikia,” anasema Bintu. “Lakini nilijua tukijaza bila kunoa, tangi lile lingeisha tena humo ndani. Na mara ya pili mti usingetupa nafasi ya kabari.”

Alipomaliza, injini ilikuwa imepoa. Akamimina petroli hadi shingoni. Akamimina na oili ya mnyororo. Akafunga vifuniko vyote viwili, akavifuta, akampa mumewe.

Boima anasema njia kutoka bandani hadi kwenye mti ndiyo ndefu kuliko zote alizowahi kutembea. Alimwambia Kemoh arudi nyuma, naye akarudi. Bintu alitaka kusimama karibu, akamkatalia kwa mkono.

Safari hii aliingia kutoka upande mwingine wa lile jiwe. Vipande vikatoka vikubwa. Alisikia kabari zikilegea, akajua mti umeanza kwenda mbele. Akautoa msumeno, akaondoka kwa njia aliyokuwa ameifyeka mapema, hakugeuka. Nyuma yake kukawa na mlio kama wa nguo mpya inayopasuliwa, kisha ardhi ikaruka.

Mvule ulilala katikati ya shamba la mihogo. Mvua ilifuata papo hapo, kubwa, na watu walisimama ndani yake bila kukimbia.

Mama Yatta aliletwa kuona. Alitazama jiko lake lililo salama, akatazama nyumba yake, mwisho akatazama shamba.

“Na mihogo yangu?” aliuliza.

Jioni hiyo aliwapakulia wote wali na kisamvu cha mawese, akampa Kemoh kipande kikubwa cha samaki kwa kuwa ni mgeni. Mbao za mti ule zilitoa milango miwili mipya na mabenchi ya msikiti.

Kemoh Sandi, alipoulizwa kwa simu kuhusu siku hiyo, hakukana lolote. Alisema tu kwamba tatizo lilikuwa jiwe, si tangi. Tangi la mashine yake, alisisitiza, ni kubwa kuliko yote Kenema.

Boima anakubali nusu. “Jiwe linaweza kuwa ndani ya mvule wowote, na mimi sina macho ya kuona ndani ya mti. Ndiyo maana naanza mkato wa mwisho tangi likiwa limejaa na meno yakiwa makali. Tangi kubwa lililofika nusu ni dogo kuliko tangi langu dogo lililojaa.”

Wakata miti vijana humuuliza kwa nini, kwa jina alilonalo, hanunui mashine yenye tangi kubwa. Wengine wanajivunia kwamba zao hazisimami hadi adhuhuri. Boima huwaambia injini kubwa hubeba zaidi kwa sababu hula zaidi, na mwisho wa yote muda unakaribiana. Mashine kubwa ni ya mti mkubwa. Akiihitaji anakodi, bado kwa Kemoh, na siku hizi kabla ya kuondoka mjini Kemoh humpigia simu Bintu kuuliza abebe tupa ya ukubwa gani.

Lakini kwa kazi ya kila siku anautaka msumeno wake mwepesi.

“Tangi likiisha nasimama,” anasema. “Nikisimama, mikono inapumzika. Naangalia mnyororo, naangalia mti, naangalia upepo, nakunywa maji. Wenzangu wanaona nimepoteza muda. Mimi naona ndiyo maana vidole vyangu vyote kumi viko hapa.”

Anavionyesha. Viko vyote, ingawa asubuhi za baridi viwili vya mkono wa kulia hufa ganzi kwa sababu ya mtetemo, na sikio la kushoto halimsikii tena mtu anayenong'ona. Bintu anasema hilo la sikio lina faida zake.

Nyuma ya kinu cha mpunga, msufi umeanza kuinama. Boima anatoka kwenye mkato, anatembea kando, na mti unalala pale alipowaonyesha watu kwa kidole kabla ya kuanza. Mwenye kinu anapiga makofi peke yake. Boima anafungua kifuniko cha tangi, anachungulia. Imebaki robo.

Kuna mpango nyumbani kwa akina Ngevao, na si wa kununua mashine kubwa. Tangu kiangazi kilichopita Bintu amekuwa akikata mwenyewe. Alianza na matawi yaliyokwisha kuanguka, akaenda kwenye michikichi mizee, na mwezi uliopita aliangusha mti wake wa kwanza wenye shina nene, Boima akiwa amesimama nyuma yake na mikono mgongoni, akijizuia kusema. Ofisi ya misitu imeshamwambia alete picha mbili kwa ajili ya kibali.

Wapo wanaume Semabu wanaosema mwanamke hawezi kuubeba msumeno siku nzima. Bintu hajibishani nao. Anasema mavuno yakiisha, chifu ana miti mitatu mikavu kando ya barabara ya zahanati, na ameshaahidiwa mmojawapo.

“Siku hiyo mimi nitakata,” anasema, akiliinua dumu na kumkabidhi mumewe. “Na huyu ndiye atakayenichanganyia mafuta. Ameshaanza kujifunza, ingawa bado anamwaga.”